Gari Linalofukuzwa Lilisimama Gede

Jumanne, baada ya isha

Kumbe lile gari la filamu halikimbii. Wiki nzima nimeogopa bure.

Leo Gede nilisimama na mama kando ya barabara kumtazama mume wangu Kazungu akiigiza mtu aliyeiba siri za wakubwa, gari la wanaomfukuza likiwa nyuma yake. Gari lake lilikwenda polepole kama la harusi. Mpiga picha alilala chini, akirushiwa vumbi, na kwenye kioo cha kamera mwendo ulitisha. Hivi kinachotisha ni ule ukaribu wa kamera na ardhi, au ni vumbi?

Mara Kazungu akamwona mama. Akasimamisha gari, akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hao nyuma wanakutakia nini?"

Mwongozaji wa filamu alishika kichwa, akamwuliza kwa nini amesimama ilhali anafukuzwa.

"Huyu ni mkwe wangu," Kazungu akamjibu. "Afadhali wanikamate."