Gambuti Zangu na Kona ya Mto

Muscat

Kwako mume wangu, Baba Rehema,

Assalaam alaykum. Hujambo? Kile kikohozi cha salfa ya kupulizia mikorosho kimekuachia? Miguu ya mama inaendeleaje, na Rehema bado anang'ang'ania kulala na simu yako? Mpe mama shikamoo yangu sasa hivi, kabla hujaendelea, maana huko mbele hapafai kusomwa mkweo akiwa karibu. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni wivu. Nina wivu, Baba Rehema, wivu wa kunikosesha ladha ya chakula ninachokipika mwenyewe.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako siku hizi ni ya kamati ya mto. Nikipiga unaweka sauti kubwa, nasikia wanakamati wote wananiitikia salamu. Mambo ya kitandani nitayasemea wapi? Hii nimempa dada mmoja wa Mitwero anayerudi likizo, atampa mdogo wangu Somoe mkononi akuletee.

Kazi ni ileile. Napika, nafua, namwogesha bibi mwenye nyumba. Majuzi mvua ilipiga huku. Wana mabonde makavu, wanayaita wadi, mwaka mzima ni mawe na mbuzi tu, ila mvua ikinyesha milimani maji yanashuka kwa kishindo. Tulikimbilia juu ya paa, mimi nimemkumbatia bibi, tunaangalia gari la jirani linaelea. Nikalia. Bibi akadhani naogopa. Wala! Nilikuwa naliona jiko letu lilivyobomolewa na mto masika yale, nakuona wewe umembeba mama mgongoni. Wewe, ambaye tangu unioe hata sahani hujampokea mama mkono kwa mkono, kwa heshima ya mkwe! Somoe alinisimulia: maji kiunoni, mama kajifunika kanga gubigubi, wewe umegeuza uso pembeni, hamsemezani. Nilicheka. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona wivu hata kwa mama yangu mzazi. Mimi hujawahi kunibeba.

Sasa tuje kwa huyo Injinia wako.

Niliposikia wilaya imeleta mtaalamu wa kupanga namna ya kuuzuia mto, nilimshukuru Mungu, nikadhani ni mzee mwenye kitambi. Kumbe binti! Na aliyechaguliwa kumtembeza mtoni ni mume wangu. Tangu hapo nikikuuliza umekula nini, unanijibu Injinia kasema matete yafyekwe. Nikikuuliza Rehema anaendeleaje shuleni, Injinia kasema kalavati la barabarani ni dogo. Injinia hali pilipili. Injinia anaogopa ruba. Nani alikuuliza? Niliponuna ukaniambia, "Mama Rehema nawe! Yule kwa kabila ni mtani wangu, tunataniana tu." Utani naujua, nimezaliwa nao. Mtani atakuchukulia kuku wako, atakuja msibani kwako kukuchekesha. Lakini mtani havalishwi viatu vya mke wa mtu!

Eeh, nimeona. Ile picha uliyonitumia, mmesimama kwenye kona ya mto, yeye na mashine yake ya kupimia ya miguu mitatu, wewe umeshika ile fimbo ndefu yenye namba, umejinyoosha utadhani uko kwenye harusi. Nikaikuza picha. Nikashuka mpaka miguuni kwake. Gambuti za kijani, ya kushoto ina kiraka cheusi cha mpira wa baiskeli. Kiraka hicho nilikibandika mwenyewe, nina mimba ya Rehema, nipate kuingia kupandikiza mpunga. Na kasimama palepale ninaposimamaga mimi. Nilikaa chini sakafuni nikaunguza wali wa watu.

Nikampigia Somoe. "Niambie kweli, usinifiche. Huyo mwanamke anafuata nini kwangu?"

Akacheka, mjinga yule, nikataka kukata simu. Akasema, "Dada, anafuata shamba lako." Ndipo akanieleza ya mkutano, ambayo wewe hujanieleza mpaka leo.

Kwamba mto ukijaa unashindwa kuikata ile kona, ndiyo maana unapanda kwenye nyumba. Kwamba Injinia anataka tuta upande wa nyumba, na ukingo wa upande wa pili ushushwe, maji yamwagikie kwenye shamba letu la mpunga, yatulie humo. Watu wakapiga makofi. Shamba si lao, mikono itawauma nini? Mama akasema alishanikabidhi mimi, yeye hana neno. Mjomba Bakari akakugeukia: "Mkwe wetu, mkeo yuko mbali. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba, sema ndiyo tumalize."

Ukasimama ukasema, "Shamba ni la ukoo wa mama yake. Mimi hapa nilikuja kuoa. Mwenyewe hajasema, mimi siwezi kumsemea."

Wanaume wakakucheka, wakasema umekaliwa. Injinia akafunga kitambaa chekundu kwenye kigingi chake, akasema atasubiri. Na Somoe anasema kila ukinipigia unataka kuniuliza, ukifika mlangoni unageuza, unaishia kwenye pilipili za Injinia.

Mwoga mkubwa wewe! Unaingia kwenye mafuriko na mkwe mgongoni, halafu unaniogopa mimi niliye ng'ambo ya bahari?

Nimelia, Baba Rehema. Lile shamba bibi yangu alilifyeka kwa mikono yake, mama akalilima, nami humo ndimo nilimojifunza kushika jembe. Nina wivu nalo kuliko nilivyo na wivu na wewe, usikasirike. Leo maji yaingie humo kwa ruhusa yangu? Lakini masika yakija nawe uko Lindi mjini kwa shughuli zako, mama atabebwa na nani?

Basi nasema mwenyewe, na Mjomba asomewe hapa: mpunga uliopo uvunwe kwanza, kisha ukingo ushushwe. Shamba wapeni maji. Kiangazi tutalima viazi na mboga kwenye tope litakalobaki. Na wale waliokucheka waambie mke wako kasema, wacheke tena.

Nisalimie Mjomba Bakari, shikamoo yake. Msalimie jirani yetu wa kando ya mto, yule anayetusagia mahindi, mwambie kinu chake sasa kitapona. Somoe mwambie nimemsikia alivyokuwa akicheka. Rehema mbusu, na umnyang'anye simu.

Na Injinia naye mpe salamu zangu, kwa heshima zote. Mwambie kazi yake ni njema, mwenye shamba kakubali, aendelee na vigingi vyake. Mwambie shamba nimetoa. Gambuti sijatoa. Zioshe tope, zianike kivulini, uziweke chini ya kitanda, upande wangu.

Ni mimi mkeo, ukiniona na wivu ujue bado nakutaka,

Mama Rehema