Lita Mbili Hadi Yogya

Kebumen, 9 Agosti 2011

Mwanangu Ratri,

Salamu nyingi kutoka kwangu na mama yako. Hatujambo, swaumu inakwenda vizuri, ila masikio yangu ya gereji yamezidi kuziba, ndiyo maana sikupigii simu. Hujambo huko Bandung?

Nduk, binti yangu, keti kwanza. Wiryo, fundi mwenzangu, amelifungia gari letu kuukuu chombo chake cha kuchanganya mvuke wa maji na petroli. Tumekwenda mjini Yogya na kurudi, zaidi ya kilomita mia mbili, kwa lita mbili. Lita mbili tu! Idi hii hatupandi basi. Tunakuja na gari, ukawaonyeshe wakubwa wako wa maabara.

Baba yako,
Bapak

Bandung, 14 Agosti

Bapak mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Ibu, mama yangu. Mimi mzima, njaa ya saa kumi tu ndiyo inanisumbua.

Nilicheka, kisha nikaogopa. Kazi yangu ni kuchoma petroli kidogo ndani ya chombo cha chuma kilichozamishwa majini, nipime maji yamepata joto kiasi gani. Lita ni lita, Pak, haiongezeki nguvu kwa kusifiwa. Sehemu kubwa ya joto lake hupotelea kwenye rejeta na ekzosi. Lakini hata kila tone lingegeuka mwendo, lita mbili zisingelifikisha gari zito lile Yogya na kurudi. Na maji ni kama majivu, hayaungui tena. Kama mlifika kweli, basi kuna kitu kingine kinachoungua humo. Fungua uangalie.

Mwanao,
Ratri

Kebumen, 20 Agosti

Nduk,

Salamu. Sote wazima. Nilikusomesha ili uwe polisi wa baba yako? Wiryo amecheka: "Watu wa maabara hao, hata pancha hawajui kuziba." Sanduku la chombo chake, nyuma ya kiti, amelifunga mwenyewe, eti likifunguliwa mvuke unatoroka. Silifungui. Mama yako naye analalamika garini kunanuka vibaya kama tunda la durian, na msimu wenyewe bado! Tunaondoka tarehe 29 baada ya daku.

Bapak

Bandung, 24 Agosti

Bapak,

Nisamehe, leo siulizi hali. Simu yako imezimwa, kwa hiyo natuma barua ya haraka. Hiyo si durian. Ni gesi ya jikoni. Nyinyi bado mnapikia kuni, hamuijui. Hutiwa harufu makusudi ili watu waikimbie. Wiryo ameficha mtungi mle sandukuni, ndio unaoendesha gari, na unavuja. Usiliwashe gari. Usivute sigara karibu yake. Pandeni basi. Naogopa, Pak.

Ratri

Ujumbe wa simu, 29 Agosti, mchana

Pak, barua umeipata? Simu inaita tu. Mko wapi?

Ratri

Ujumbe wa simu, Nagreg, 29 Agosti, magharibi

Nduk, tu hai. Barua niliipata, nikaikunja, nikasema huyu mtoto ana kiburi.

Foleni ya hapa Nagreg, karibu kufika Bandung, ilitusimamisha hadi adhana. Nilitaka tufuturu garini, tende kisha sigara yangu ya karafuu. Mama yako akasema harufu imemshinda, anafuturia kwenye kibanda cha chai kando ya barabara. Nikamfuata nimenuna. Dereva wa nyuma yetu akaja kuegemea gari letu, akawasha sigara yake.

Lililipuka, Nduk. Ameungua mikono na uso. Wamempakia kwenye pikapu, anamwita mama yake.

Mama yako ameshika glasi ya chai, hajainywa. Mimi bado nina kiberiti mkononi, vidole havitaki kukiachia. Usiniambie uliniambia. Njoo utuchukue.

Bapak