Kufuli la Stoo ya Mpunga

Baba Silvano,

Maharage yapo jikoni, ongeza maji. Mpunga uanue mapema, wingu limejaa. Simu yako umeiacha kitandani, ndiyo maana naandika.

Nimerudi kuchukua shuka tu. Niko hospitali na Silvano wako. Asubuhi nilimpelekea uji kule stoo ulikomfungia aache gongo, nikasikia miguu inapigapiga magunia. Ufunguo ulienda nao shambani! Nikavunja kufuli kwa shoka. Kumbe ameshikwa na degedege, mtu mzima na ndevu zake.

Nesi akauliza nani alimkatiza pombe ghafla. Anasema mnywaji wa kila siku hakatizwi hivyo, anaweza kufa. Anaachishwa kwa dawa, huku anaangaliwa. Akitulia watamtafutia nafasi kwenye nyumba ya kuachisha pombe, Morogoro huko, maana hapa karibu nesi haijui hata moja.

~~Usije.~~ Njoo jioni, na ndala zake. Amezinduka, anakuulizia wewe. Anasema, "Mwambie baba sikupiga kelele, kama alivyoniambia."

Kufuli jingine usinunue.

Mama Silvano