Wake Wenza wa Gari Moja

Jericho, Nairobi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Mkono wako naubusu kutoka huku huku, hata kama umeuficha ndani ya leso usibusiwe. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Athumani akuletee ilifika, au yalifika maneno yake tu? Na Bi Mkubwa je, kifua kimepoa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inanila mifupa asubuhi, lakini nashukuru. Kinachonikondesha ni simu yako. Napiga, inalia, inakatika. Najua unaisikia, maana mlio wake hata jirani wa tatu anausikia.

Basi nimenunua karatasi na bahasha, nitampa kondakta wa basi la Malindi. Karatasi huwezi kuikata.

Mama, mimi sijaolewa. Si kwa siri wala kwa dhahiri, si mke wa pili wala wa nne. Nalisema mapema ili upumue. Najua ulivyoapa. Tangu nikiwa mdogo nakusikia, "Binti yangu hataishi kwa zamu." Ulilisema ukinisuka nywele, ukalisema ukichagua mchele, na Bi Mkubwa akiwa papo hapo jamvini anakuitikia, "Amina." Ningekwenda kinyume na dua iliyoitikiwa na mke mwenza wako mwenyewe? Mimi sina ujasiri huo.

Sasa sikia Athumani alichokisikia. Mtoto wa Mjomba nilimpokea vizuri, wallahi. Nilimpikia pilau ya nyama, nikamfungulia soda. Akiwa anakula, simu ikaita, nikaenda kuipokea mlangoni. Aliyepiga ni Mama Nekesa. Nikamwambia, "Niambie, mke mwenza. Bwana kaamkaje? Bado anakohoa? Basi msimchoshe jamani, Jumamosi ni zamu yangu, nimemngoja siku nyingi na mimi namtaka akiwa na nguvu zake." Niliporudi ndani Athumani alikuwa ameweka kijiko chini. Pilau hakuimaliza, na Athumani unamjua. Akaaga haraka haraka, akasema ana safari.

Mama, Bwana ni gari.

Usitupe barua, ngoja nikueleze. Ni gari dogo la Kijapani, kuukuu, bluu iliyopauka. Ndani limevuliwa kila kitu: viti vya nyuma hakuna, redio hakuna, hata zulia limeng'olewa, ili liwe jepesi. Mabomba ya chuma yamezungushwa ndani, ili likipinduka paa lisitubonyee. Gari hili halibebi watu wala mizigo. Kazi yake ni moja tu, kukimbia. Nje ya mji kuna uwanja wenye barabara ya lami inayojizungusha yenyewe. Siku zikitangazwa watu huenda na magari yao, wanaingia kwa zamu, wanakimbia watakavyo. Hakuna polisi, hakuna mbuzi, hakuna mtu wa kuvuka. Wala si mashindano, hakuna kikombe. Ukimaliza unarudi nyumbani na furaha yako.

Najua unauliza, Rukia na magari wapi na wapi? Unajua kazi yangu ni kushona viti vya magari, pale kwenye karakana Industrial Area. Jirani yetu ni Otieno, fundi wa injini. Siku moja akaniletea kiti kimoja, kimebana kama ganda la njugu, anataka kivishwe kitambaa kisichoteleza. Nikamuuliza viti vingine viko wapi. Akacheka, akasema, "Huyu bwana hana vingine. Kuja Jumamosi umwone." Nikaenda kwa kutaka tu kuona kazi ya mikono yangu imekaaje.

Pale ndipo nilipomjua Mama Nekesa. Ni mjane wa Kibukusu, ana duka la unga na sabuni kule mtaa wa Tena, na gari hulala kwenye ua nyuma ya duka lake. Ukimwona anavyopima sukari taratibu utadhani hajawahi hata kukimbilia mvua. Mama, mwanamke yule alivaa helmeti juu ya kitambaa chake cha kanisani, akanikalisha kwenye kiti cha pembeni walichokuwa wamekiazima, akanifunga mikanda kama anayefunga mzigo, akasema, "Shika roho, dadangu."

Subhanallah. Nimetafuta maneno tangu siku ile. Nyasi za pembeni zilibaki rangi tu. Mgongo wangu ulinata kitini. Kisha kona ikaja, nikajua tumekufa, nikaanza kutoa shahada. Mama Nekesa hata hakupepesa. Alikuwa anaitazama mbali, kule inakoishia, mikono imetulia tuli kwenye usukani. Gari likainama, matairi yakalia, likazunguka, likatii. Nilikuwa sijawahi kuona mtu ameshika nguvu kubwa namna ile bila kuipigia kelele. Nikashuka. Nilikaa kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na Otieno akasema, "Huyu ameshaolewa."

Gari lilikuwa la watu wanne, na mmoja wao alikuwa amehamia Kakamega. Wakanipa nafasi yake. Watatu wengine ni hao niliokutajia, Mama Nekesa na Otieno, pamoja na Brayo, mzaliwa wa hapa Jericho, anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo ghalani. Jina la wake wenza alilianzisha Mama Nekesa siku hiyo hiyo. "Mume mmoja, wake wanne, kila mtu na zamu yake," akaniambia. "Kwa dini yako Rukia, sasa tumetimia." Likashika. Otieno, na ndevu zile na mabega yale, ukimwita mke mwenza anaitika "abee." Brayo akinipigia simu husema, "Niaje mke mwenza, Bwana amekumiss." Ndiyo mdomo wetu ulivyozoea, na ndivyo ulivyoniponza mbele ya Athumani.

Kushirikiana si mchezo, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kila mtu ana wiki yake ya kumtunza Bwana, kumwosha, kumwasha, kumsikiliza anavyopumua. Brayo akimwacha na tope, Mama Nekesa ananuna. Mimi nikikisogeza kiti mbele, Otieno analalamika magoti. Na kulikuwa na kanuni moja nzito, ya mdomo tu, tuliyokubaliana sote nilipoingia: Bwana akifia kwenye zamu ya mtu, mtu huyo ndiye atakayemfufua kwa pesa zake. Niliitikia bila kufikiri, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Jumamosi niliyomwambia Mama Nekesa siku ile ikafika. Nilikuwa nimeendesha mara kadhaa kabla yake, lakini kwa woga, mguu nusu. Siku hiyo nilivaa kininja changu cha kufunika nywele, juu yake helmeti, nikasoma Bismillah, nikaenda. Mama, niliipata ile kona! Niliitazama kule mwisho kama nilivyomwona Mama Nekesa akifanya, na gari likanitii mimi, mimi Rukia wa Mambrui niliyekuwa nikiogopa baiskeli. Moyo ulinijaa nikaona nitapasuka. Nikaingia mzunguko mwingine, nikaipata tena. Nilipotoka nikakanyaga mafuta hadi chini.

Nikasikia mlio kama sufuria kubwa imeangushwa kwenye saruji. Moshi ukaja, halafu kimya.

Nilikaa ndani sikuvua hata helmeti. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni ile kanuni, na cha pili ni kwamba kwa ushonaji wangu siwezi kumfufua. Basi ndiyo mwisho wangu na hawa watu, nikajisemea. Nikaanza kulia humo humo.

Aliyefika kwanza ni Mama Nekesa, anakimbia na viatu vya raba, anahema. Akaufungua mlango akanishika uso kwa mikono miwili. "Mwenzangu, uko mzima? Nijibu, uko mzima?" Gari hata hakulitupia jicho. Otieno akafunua boneti. Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita. Chuma cha ndani kilikatika kikautoboa. Akalitazama sana, kisha akaifunga boneti polepole, kama unavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Amekufa, mume wetu," akasema.

Msimamizi wa uwanja akaja na hasira, maana tulikuwa tumemmwagia mafuta kwenye lami yake. "Nani alikuwa anaendesha hii gari?"

Nikafungua mdomo. Otieno akanitangulia, bila hata kuinua kichwa. "Sisi."

"Nauliza ni nani alikuwa kwa usukani."

"Si umeambiwa ni sisi, mkubwa," akasema Brayo.

"Nyote wanne, kwa hicho kiti kimoja?"

"Ndiyo baba," akajibu Mama Nekesa. "Tumezoea kubanana."

Yule bwana akatutazama mmoja mmoja, akaona anazungumza na wendawazimu, akaenda kutafuta mchanga wa kumwaga.

Tulimkokota Bwana mpaka Tena. Mama Nekesa akatandika mkeka uani, akapika chai ya maziwa, akakata mkate, akasema tukae matanga. Tukacheka kidogo. Mimi nikauweka mkate chini, nikaona niseme mwenyewe kabla sijasemwa. "Jamani, kanuni naijua. Amefia kwenye zamu yangu."

"Kanuni gani?" akauliza Otieno.

"Ile tuliyowekeana."

"Mimi siijui," akasema. Akamgeukia Mama Nekesa. "Wewe unaijua?"

"Labda ni mambo ya duka lingine," akajibu, anamimina chai.

"Rukia, hiyo stori umeitoa wapi?" akasema Brayo, na uso hauna hata tabasamu. "Kula mkate bana."

Niliwatazama, Mama, na nikaogopa. Si woga wa kuumia. Ni ule woga unaokupata ukiona kitu kikubwa kimesimama karibu na wewe. Watu ambao wote waliitikia kanuni kwa vinywa vyao waliifuta mbele ya macho yangu, bila kuniambia pole, bila kunifanya nijione nimefadhiliwa. Otieno sasa anatafuta injini nyingine kwa wauza vyuma, nasi tutachanga wote. Lakini si hilo lililonifanya ninunue karatasi.

Sasa Mama, kaa chini. Astaghfirullah, simlinganishi Baba na gari. Ila pale mkekani, nikiwa nanuka moshi, nilikumbuka kitu ambacho nimekaa nacho miaka yote bila kujua ni kitu.

Siku Baba alipofariki ilikuwa zamu yako. Alikula kwako, akalala kwako, alfajiri hakuamka. Wewe ulikuwa chumbani naye, umekataa kutoka. Mimi walinisukuma kwa Bi Mkubwa, nikawa nimesimama naye barazani nimeishika leso yake, wanawake wanapoingia. Mmoja wao, simtaji kwa kuwa ametangulia mbele ya haki, hakutoa hata pole. Aliinama akauliza kwa sauti ya kusikiwa, "Chakula chake cha mwisho kala kwa nani?"

Nilikuwa mdogo lakini nilijua kuna jambo baya limeulizwa, kwamba aliyempikia ndiye aliyemuua.

"Kala kwetu," akasema Bi Mkubwa.

"Kwenu kwa nani? Wake wawili hawana jiko moja."

"Kwetu. Tulipika mimi na mwenzangu, na tulimpakulia sote. Kama una neno lingine, niulize mimi."

Mama, Bi Mkubwa alikuwa amefunga sunna jana yake, na futari yake ilikuwa tende na maji. Jiko lake lilikuwa baridi tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyetumwa kwake kuomba moto nikaukosa. Hakupika kitu. Alisimama barazani akajitia ndani ya jambo ambalo halikuwa lake, na yule mwanamke akafunga mdomo, na hakuna aliyeuliza tena.

Hukusikia wewe, ulikuwa ndani. Na mimi sikukwambia kwa sababu nilidhani ni jibu tu la kumjibu mtu mwenye mdomo mchafu. Nimelielewa Jumamosi, Otieno aliposema "Sisi." Nimekuona Mama, tangu siku ile, unavyompakulia Bi Mkubwa kwanza, mnofu mzuri ni wake, unavyoteremsha macho akikutazama, kana kwamba ulimchukulia kitu na unangoja akiulizie. Hata ile dua yako ya zamu, sasa naona ulikuwa unaililia siku ile moja tu, aliyofia kwako. Hajawahi kukuhesabia. Kabla maiti haijaoshwa alikuwa ameshaligawa jambo lile katikati, akachukua upande wake.

Nisalimie Mjomba, na umwambie Athumani kwamba nimemsamehe, ila pilau yangu ataimaliza siku akirudi. Dada Swafia mwambie ile nguo ya mtoto nimeshaishona, imebaki vifungo. Shangazi mpe salamu na asinitafutie mume kwa sasa.

Bi Mkubwa simwekei salamu humu. Ukimaliza kusoma vua miwani, uende chumbani kwake ukamsalimie mwenyewe.

Mimi mwanenu,
Rukia