Pale Picha Ilipokatika

Nashipai wangu,

Nimekukasirikia. Najua mtu hamkasirikii marehemu, lakini wewe umenizoea, hutashangaa. Tangu tukuzike kwenu Isinya miezi miwili iliyopita, niko na wivu tu.

Ni huyu Mwende wako. Siku ya mazishi MC alitangaza ati muda umetubana, kwa hivyo rafiki mmoja tu, yule wa karibu zaidi, aje aweke shada la maua. Nikasimama. Upande ule mwingine wa hema, kati ya majirani zako waliotoka Kimuka, naye akasimama. Tukaangaliana, na watu wote wanatuangalia. Nashi, mimi nilikimbia! Na viatu vya visigino, kwenye udongo ule mweusi wa kwenu. Nikanyakua shada kutoka kwa shangazi yako, Mwende akaketi polepole. Nilijiambia nimeshinda.

Wakati wa chakula akaja kunisalimia, macho yamevimba. Akaniambia, "Wewe ndiye yule wa dawa ya meno. Alikuwa anakutaja sana." Wueh! Nilitamani ardhi inimeze.

Unakumbuka bedsita yetu ya chumba kimoja pale Kitengela, vumbi la lori za mawe likiingia hata kwa sufuria? Jumapili tukitoka kanisani ulikuwa unaweka CD ya kile kipindi cha zamani cha vyombo vya angani, kila mara sehemu ile ile: nahodha wa kike na mwanamke fundi wa mitambo wanaagana, kwa sababu sayari ya fundi imemwita arudi. Wanakaribiana, karibu kabisa, halafu pap! Nyota tu. Mimi nikasema CD ina mikwaruzo. Nikaitoa, nikaipaka dawa ya meno, nikaisugua na leso yangu ya kanisani. Nyota tena. Ulicheka hadi machozi. Kisha ukaacha kucheka, ukaniuliza, "Kwani unadhani ni nini kimekatwa hapo?" Nikakujibu, "Si hawa ni marafiki tu." Ukasema, "Haya," ukaenda kuosha vyombo. Mwaka huo huo ukahamia Kimuka, ati kufuga kuku.

Wiki iliyopita nilikitafuta kile kipindi kwa simu, nikakiangalia peke yangu kazini, saa ya chakula cha mchana. Picha safi, hakuna mkwaruzo hata mmoja, na bado zinakuja nyota. Kumbe waliokitengeneza ndio waliogopa. Lakini waliacha mengine yote: vile nahodha anamrekebishia kola, vile anashindwa kumwita kwa jina. Hata mtoto angeona. Mwende aliona siku ya kwanza, ameniambia mwenyewe kwa simu, hukuhitaji hata kumuuliza. Hiyo ndiyo inaniuma, si Kimuka wala kuku. Sehemu ile ilikuwa yetu, ukaenda kumwonyesha mtu mwingine.

Na sasa yeye ndiye anakulilia kama... sijui hata niseme kama nani. Watu wa kwenu hawakujua pia. Kwenye kijitabu cha mazishi walimwandika "mpangaji mwenzake." Mimi waliniandika rafiki. Aki nilifurahi kuona hivyo, Mungu anisamehe.

Jumamosi naenda Kimuka. Nimempigia, amesema nije tu, atachinja mmoja wa kuku wako. Nitamwambia shada lilikuwa la kuwekwa na yeye. Nitaona vikombe vyenu viwili na wivu utanimaliza, lakini nakuahidi sitaondoka kabla sijamwambia kwa nini nilikimbia vile. Wewe ndiye ulipaswa kusikia kwanza, siku ile uliponiuliza. Nashi, sikuwahi kudhani ni marafiki tu. Niliogopa.

Kwaheri, mpenzi wangu.

Njeri