Kidole Juu ya Kadi

4 Januari

Mwanangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya mama. Hujambo huko uliko? Na kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea, kimepungua au bado unanificha? Sisi hapa tupo. Baba yako hajambo ila goti, na goti lenyewe huuma zaidi akiombwa kufanya kazi. Dada yako hajambo, cherehani yake imepata mkanda mpya, sasa mchana hatulali. Mtoto wako Kidoti hajambo, jino la mbele limeng'oka na anauliza kama meno yako bado yapo. Jirani fundi saa anakusalimia, anasema ile saa uliyomwachia imeshapona. Hata paka hajambo.

Mkeo nimemwacha mwisho kwa makusudi. Mwili wake mzima. Lakini mwanangu, mimi si mtu wa kuchongea watu, unanijua, ila siku hizi amebadilika. Namwita akiwa uani, mara tatu, mara nne, haitiki. Amenipa mgongo anaendelea kufua. Juzi nilimwambia chumvi imezidi kwenye mchuzi, akaniambia asante, Mama. Jioni akitoka kwenye mashine ya kusaga anakaa kimya kama mgeni. Na zamani tulikuwa tunacheka mpaka baba yako anatufukuza jikoni. Sijui kama ni maringo au nimemkosea. Ukiongea naye Jumapili mguse taratibu, usiseme nimesema mimi.

Nakuandikia kwa sababu simu ya hapa kioo kimekufa, imebaki kupokea sauti tu, na ukiongea humu ndani nyumba nzima inasikia. Tena mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema mkono usipoandika unasahau. Ukiona herufi zimepinda, zinyooshe wewe.

Mimi mama yako.


13 Januari

Mama,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma nimekaa juu ya mtungi wa gesi saa ya mapumziko. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, sikufichi. Nisalimie Baba na goti lake, na Dada, na fundi saa. Mwambie Kidoti meno yangu yote yapo.

Mama, nilidhani ni mimi tu. Nikimpigia simu mke wangu najibiwa ndiyo, sawa, haya. Namsimulia matangi tunayounga hapa, sawa. Namuuliza mtoto anaendeleaje, haya. Jumapili nilimwambia jambo zito. Kampuni wanataka nisaini mkataba mwingine wa miaka mitatu, na jibu wanalitaka mwisho wa Februari. Nikamwambia, nikisaini siji mpaka uishe. Nikamuuliza anaonaje. Mama, alicheka kidogo, akasema, "Sawa, hakuna shida."

Tangu siku hiyo kila usiku nazigeuza karatasi za mkataba.

Siku ya wapendanao inakuja, tarehe kumi na nne mwezi ujao. Mwaka juzi nilimtumia redio, nikasikia iko kwa Baba. Mwaka jana ile kadi inayoimba ukiifungua, nilizunguka maduka manne kuipata, hakuwahi hata kuitaja. Mwaka huu nimeona hereni nzuri, lakini sitaki kubahatisha tena. Naomba umchunguze, uniambie ni kitu gani anakitaka kutoka kwangu. Kama hakipo, niambie pia. Nitasaini, na kila mtu atajua njia yake.

Mwanao.


23 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mawazo. Sisi ni wazima, goti lilelile. Usisaini kitu. Weka kalamu mbali kwanza usome.

Kazi uliyonipa nimeifanya kama askari kanzu. Nilimuuliza dada yako, akasema manukato. Baba yako akasema sufuria kubwa, kwa sababu ile ya zamani imetoboka, na nadhani alikuwa analifikiria tumbo lake. Nikaona hawa hawanisaidii, bora nimwangalie mwenyewe mkeo kwa macho yangu.

Jumatatu nilimfuata kazini, nikajifanya nimepeleka mahindi. Sijawahi kuingia mle ndani. Mashine zile mbili zikiwaka pamoja hata wazo lako mwenyewe hulisikii. Watu hawasemi, wanaonyesha vidole. Viwili, maana yake madebe mawili. Mkeo alikuwa mweupe wa unga mpaka kope, anafanya kazi kuliko wanaume. Nilikaa robo saa tu, nikarudi masikio yanavuma mpaka nafika mlangoni. Yeye ni mwaka wa tano yupo pale.

Kuhusu ile redio, nimekumbuka ilivyokuwa. Aliiweka karibu kabisa na sikio, akaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka, akaizima, akakaa anaitazama. Siku ya tatu akampa baba yako. Sisi tulisema hapendi redio.

Kuhusu kadi. Mwanangu, kadi anayo. Iko ndani ya sanduku la nguo zake, imefungwa kwenye ile kanga ya harusi. Jumamosi Kidoti aliitoa, akaifungua ikaanza kuimba, mtoto akawa anacheza peke yake chumbani. Mkeo akaingia. Nilidhani atamgombeza. Aliichukua, akaketi kitandani, akaweka kidole pale katikati ya kadi penye kile kimashine kinachoimba. Akafumba macho. Wimbo ulipoisha akaifunga, akaifungua tena, akarudisha kidole palepale. Nilikuwa nimesimama nyuma yake mlangoni na kifuniko cha sufuria mkononi. Kikaniponyoka kikalia sakafuni, Kidoti akaruka. Mkeo hakugeuka.

Basi jioni nilimkalisha jikoni nikamtazama usoni, tukaongea. Alilia sana. Akanishika mikono miwili akaniapisha nisikwambie aliyoniambia. Nimeapa, sitayaandika. Hayo ya juu niliyaona kabla ya kuapa, hayamo ndani ya kiapo.

Yale maneno yangu ya mwanzo kwamba ana maringo, yakate kwa kisu uyachome moto. Mimi mama mtu mzima nimekosea, na nimekutia sumu kwa mkono wangu mwenyewe.

Zawadi: usitume hereni. Usitume kitu chochote chenye sauti. Nunua karatasi umwandikie, maneno mengi, kama unavyomwandikia mama yako.

Mimi mama yako, roho juu.


31 Januari

Mama,

Shikamoo. Umeapishwa kuhusu jambo gani? Mke analia, anamwapisha mama mkwe asimwambie mumewe, halafu mimi nikae hapa niandike maneno mengi ya mapenzi? Nimeoa, si mtoto. Kama kuna mwanamume niambie. Jumapili sikupiga simu na sitapiga. Karatasi za mkataba ziko juu ya kitanda changu.

Mwanao.


4 Februari

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima.

Hakuna mwanamume. Kiapo changu sikivunji, hata kama wewe ndiye niliyekubeba tumboni. Lakini wewe ulisoma kwa hasira, ukaruka ukaenda kwenye machozi. Toa barua yangu ya tarehe ishirini na tatu. Soma tena pale kazini kwake, kisha pale penye kidole, kisha pale kifuniko kilipoanguka. Soma polepole kama ninavyosoma mimi, herufi moja moja.

Jumapili alikaa na simu mapajani tangu asubuhi mpaka giza. Hakula.

Mama yako.


9 Februari

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa ile barua iliyopita. Nisalimie wote.

Nimesoma kama ulivyosema. Nilisoma mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa. Mke wangu hasikii. Hujaniambia wewe, nimejiambia mwenyewe, kwa hiyo kiapo chako ni kizima.

Sikulala nikikumbuka. Kesho yake nilifanya kitu, utanicheka. Hapa kazini tunapewa vizibo vya masikio. Nikaviweka, juu yake nikafunga kitambaa, nikamwomba mwenzangu tunayelala chumba kimoja aende nje anipigie simu, aseme analotaka. Nilisikia mvumo tu, kama mtu anaongea ndani ya tangi. Niliona aibu kumwambia rudia, rudia. Nikajikuta nasema ndiyo. Kisha sawa. Kisha haya. Aliporudi anacheka nikamuuliza alikuwa anasema nini. Kumbe alikuwa ananiomba kitanda changu cha dirishani, na nimempa.

Mama, miaka miwili mizima nampigia kelele za furaha, na redio, na kadi ya kuimba. Nilikuwa nachagua ninachopenda mimi, nikimtaka yeye anishukuru.

Bahasha ya pili iliyo humu ni ya kwake. Usiifungue, nakujua. Mpe tarehe kumi na nne, mkononi. Sitasaini. Nitamaliza kazi ya tangi hili, mwezi Aprili narudi tumpeleke kwa daktari wa masikio, na pale kwenye mashine aache, au akatae kuingia bila vizibo. Nimemwekea jozi mbili kwenye bahasha. Si zawadi ya kuonyesha majirani, lakini ndiyo niliyonayo.

Mwanao.


15 Februari

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu mara saba. Baba yako anakusalimia, jana alitembea mpaka dukani bila kulalamika, nadhani alisahau. Dada yako anakusalimia, anasema bado manukato yangefaa. Kidoti anakusalimia, jino jipya limechungulia. Fundi saa anakusalimia na saa yako inatembea. Mkeo anakusalimia, na leo yeye ndiye wa mwisho kwa sababu ndiye mwenye barua hii.

Bahasha sikuifungua. Niliishika kwenye mwanga mara moja tu, sikuona kitu.

Jana alirudi kazini na unga wake kichwani. Wanawake wenzake wawili walikuwa wamepita hapa na maua ya plastiki waliyopewa, wakimtania kwamba mumewe amemsahau, na yeye anatabasamu tu. Walipoondoka nikamgusa bega nikampa. Alitazama mwandiko akaufahamu. Akasimama palepale mlangoni na viatu miguuni, akasoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Alipofika sehemu fulani akafunika mdomo kwa mkono, na unga ukamshika usoni. Kisha akavitoa vile vizibo, akavitazama kiganjani, akanitazama mimi.

"Mama, umemwambia."

Nikamsogelea aone midomo yangu, nikamwambia hapana, amejua mwenyewe. Hakuamini, nikamletea barua yako ya tarehe tisa. Aliposoma ulivyotoa kitanda chako alicheka, mwanangu. Alicheka mpaka baba yako akaja kutufukuza jikoni.

Ameniruhusu sasa, kwa hiyo naandika alichoniambia siku ile ya kiapo. Nilimuuliza kwa nini alikuwa anakujibu sawa, sawa, hata kwenye jambo la miaka mitatu. Alisema, "Sauti yake naijua, Mama, maneno siyapati. Nilikuwa nasema sawa ili asikate simu." Alisema pia aliogopa ukijua utaona umebaki na mke mbovu. Mimi nilimjibu kwamba mimi nina mume mwenye goti na bado nipo, lakini maneno kama hayo ni ya kwako kumwambia, si ya kwangu.

Vizibo ameenda navyo kazini leo asubuhi. Na mimi nimejifunza, simwiti tena nikiwa nyuma yake. Nazunguka nasimama mbele, namtazama, ndipo naanza kusema. Ni kazi ya hatua nne tu, na kwa mwaka mzima sikuifanya.

Karatasi zangu zimekwisha, ndiyo maana naandika pembeni hivi. Mkeo amezichukua zote. Alikaa mezani baada ya chakula akaandika, akachana, akaandika, Kidoti amelala mapajani mwake. Bahasha utakayoipata ina barua mbili, na ya kwake ni nene kuliko yangu. Anza na ya kwake.

Kisha jibu upesi, siku hiyohiyo ukiweza, kwa sababu nimemwona asubuhi akimuuliza mama wa posta huwa anapita saa ngapi. Umjibu yeye. Mimi nitasubiri.

Mimi mama yako.