Nani Anasimama Naye?

Mtinko,
mvua za kwanza

Baba,

Shikamoo. Najua wa kuniitikia marahaba hayupo, lakini barua isiyo na salamu ungenirudishia, kwa hiyo naitoa.

Mama hajambo, ila mguu unamsumbua baridi ikianza, na siku hizi hafiki shambani. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Paa la jikoni tumeliezeka upya, na uwele tumeshapanda. Mashine ya maji ya kijiji imekufa tena, hakuna wa kuifufua, kwa hiyo wanawake tumerudi kufukua mchanga mtoni kama zamani. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa langu. Nimechaguliwa, Baba. Wiki ijayo napanda basi kwenda chuoni Dodoma kusomea mashine za maji, nirudi niwe fundi wa kata yetu. Habari hii nilitakiwa niiandike huku naruka ruka. Lakini nina wivu. Nimeamka nao, nimeteka maji nao, nimepika nao, na hapa nilipokaa juu ya sanduku lako la bati nimekosa mwingine wa kumwambia. Namwonea wivu Mwajuma. Na wewe nakuonea hasira.

Usiniambie umelisahau lile baraza, mwaka niliomaliza darasa la saba. Wewe ulikuwa Bwana Mafunzo wa Mkoa. Nafasi za vyuo zilifika kwako bomani, ukazigawa Iramba, Manyoni na kwetu, kisha ukazunguka vijijini na Landrova kutafuta vijana wa kuzijaza. Kwetu siku ile ilibaki nafasi moja ya msichana, na wasichana tulikuwa wawili, mimi na Mwajuma. Utaratibu uliuweka wewe mwenyewe na watu waliusifu. Kijana akiitwa mbele, mwenyekiti anauliza, "Nani anasimama naye?" Anayesimama anakubali mbele ya kijiji kizima kulima sehemu ya yule kijana katika shamba la ujamaa mpaka atakaporudi. Asiyesimamiwa haendi. Na aliyekaa mezani kuamua haruhusiwi kumsimamia mtu wake.

Mwajuma alipoitwa, bibi yake alinyanyuka na fimbo. Bibi ambaye hata kuku alikuwa hawezi tena kumfukuza! Watu wakacheka, wakampigia makofi. Nilipoitwa mimi, Mama alikuwa nyumbani na homa, na Baba Mdogo akakutazama wewe. Alikuwa anangoja umwashirie, hata kwa jicho tu. Wewe ukainamisha kichwa, ukawa unakunja na kukunjua kitambaa cha miwani. Baba Mdogo akabaki amekaa. Mwenyekiti akauliza tena. Kisha nikasikia sauti, na haikuwa ya mwenyekiti, ilikuwa yako.

"Anayefuata."

Jioni ulimwambia Mama, "Nikimbeba wangu, wenzake watanisikilizaje?" Mama alikuelewa. Mama alikuelewa katika kila jambo, ndiyo tabu yake. Na mimi nikasema sawa, kazi ya umma ndivyo ilivyo, kiongozi hajipendelei. Ningeweza kuishi na hilo.

Lililoniumiza ni Jumamosi zilizofuata. Bibi yake Mwajuma hakuweza kulima, na hilo kila mtu alilijua tangu aliponyanyuka. Ukaja wewe. Ukaiacha Landrova kwenye ofisi ya kata, ukavua shati, ukatemea mate viganjani, ukalima sehemu ya Mwajuma, tuta kwa tuta. Mama akanituma nikuletee maji. Nikasimama pale na kibuyu, nakuangalia unavyomlimia mtoto wa watu. Ukanywa, ukajifuta mdomo, ukasema, "Ahsante, mama." Hukuona chochote usoni kwangu. Au uliona?

Mwajuma akasoma mambo ya ofisi, akarudi, ukamchukua bomani. Tangu hapo hukuja nyumbani bila jina lake mdomoni. Mwajuma kasema hivi, Mwajuma kagundua vile. Mlipokwenda Ikungi au Itigi kukagua vijana, yeye alikaa mbele karibu nawe. Mimi gari lile nimelipanda mara moja tu, na nilikaa nyuma, tulipokwenda kwenye msiba wa Bibi yangu. Ni yeye aliyejua kwamba chai unaipenda na tangawizi, bila sukari. Sisi nyumbani tulikutilia sukari miaka yote, na wewe ulikunywa tu, husemi. Kwa nini kwake ulisema?

Hata kwenye maziko yako, Baba. Mimi nalia, na wanawake wamemshika yeye. Alikuita "Baba, Baba" kwa sauti iliyoizidi yangu, mpaka shangazi mmoja aliyetoka mbali akaniinamia akaniuliza, "Yule ndiye binti mkubwa?" Nilikuwa na jibu baya sana la kumpa. Nililimeza kwa ajili ya heshima yako.

Kazi yako wamempa yeye, na watu wanamwita Bibi Mafunzo. Tena anacho kiti chako cha kukunja, kile cha turubai ya kijani ulichokuwa unakibeba nyuma ya gari ili watu wa vijijini wasihangaike kukutafutia pa kukaa. Kilikuwa ofisini ulipofariki, kikabaki huko huko. Sisi tuliletewa mwavuli na kofia.

Nasikitika kukwambia kwamba kazi anaiweza. Nilitamani imshinde, Mungu anisamehe. Wewe ulikuwa unapeleka vijana chuoni, wanarudi mafundi mikono mitupu, hawana randa wala msumeno, na baada ya msimu mmoja unamkuta fundi wako anauza pombe. Uliliona, likakukera, ukawaandikia wakubwa. Mwajuma amekataa kumpeleka kijana yeyote mpaka kijiji chake kioneshe karakana, hata kama ni ya udongo, na kila anayehitimu anarudi na sanduku la vifaa. Wenyeviti walimnunia. Sasa wanajenga, mmoja baada ya mwingine. Na kila anapopita anawaambia, "Haya ni mawazo ya Mzee." Hilo nalo linaniudhi. Anajua kukusifia kuliko mimi niliyezaliwa ndani ya nyumba yako.

Basi mwezi uliopita akaja kwetu na nafasi moja, ya mashine za maji. Umri wangu umefika ukingoni, mwakani wasingenipokea tena. Nikaandikisha jina. Mama sikumwambia mpaka asubuhi ya baraza, maana angetaka kunisimamia na mguu wake ule, na nikamwomba abaki nyumbani. Baba Mdogo alishahamia Itigi. Nilipoitwa mbele nilijua kabisa kwamba sina mtu. Nikuambie ukweli wa moyo wangu? Nilitaka Mwajuma atamke lile neno lako. Nilitaka niusikie mdomo wake ukisema "Anayefuata," nimchukie vizuri, tumalizane.

Mwenyekiti akauliza, "Nani anasimama naye?" Nikatazama chini, nangoja. Nikasikia turubai. Unaijua sauti ya kiti kile kikikunjwa, namna mbao zinavyogongana. Kuinua macho, namwona Mwajuma ana kiti kwapani, anaizunguka meza. Akaja hadi nilipo, akakikunjua, akakiweka vumbini karibu yangu, lakini hakukikalia.

"Mimi," akasema.

Mwenyekiti akababaika, akamkumbusha kwamba wa mezani hasimamii mtu. Akajibu, "Ndiyo maana nimeshuka. Habari ya huyu mtaamua ninyi, mimi kwake sina sauti." Bwana Maji, aliyekuwa naye mezani, akamwuliza, "Kwani wewe ni nani wake?" Akasema, "Kwao walinilimia." Hakusema "alinilimia," Baba. Alisema "walinilimia," kana kwamba mimi na kibuyu changu tulikuwamo. Watu wakanyoosha mikono. Nikapita.

Waliniambia nimshukuru, nami nimemshukuru. Nilimpa mkono mmoja, yeye akanishika yote miwili. Lakini nilipofika nyumbani nililia, na hakikuwa kilio cha furaha. Kumbe iliwezekana! Kukunja kiti tu, kuizunguka meza, kuwaachia wenzako waamue. Ungebaki bila sauti kwa muda mfupi, na ingekuwa haki ile ile uliyokuwa unaihubiri kijiji hadi kijiji. Meza ilikuwa yako, utaratibu wako, kiti chako, na niliyesimama pale nilikuwa mtoto wako. Kwa nini hukushuka?

Jumamosi zote nimezivumilia, na chai, na kiti cha mbele kwenye gari. Hili ndilo ninalomwonea wivu kuliko yote, kwamba nililolitaka kwako nimelipata kwake. Na amejifunzia kwako, hilo halina ubishi. Kumbe ulijua kumfundisha mtu kushuka.

Jumamosi iliyopita alikuja na jembe kulima sehemu yangu. Aliliacha gari kwenye ofisi ya kata, kama wewe. Akajifunga khanga kiunoni, akatemea mate viganjani, kama wewe. Mama akanituma nimpelekee maji, nikaenda na kibuyu kile kile, miguu mizito. Akanywa. Nikatazama tuta alilolianza, nikachukua jembe langu, tukalima pamoja mpaka jua lilipokuwa kali. Hatukusemezana sana. Mara moja tu akaniambia kwamba mshono wa kiti cha Mzee umeanza kuachia na anaogopa kumpa mtu asiyekijua. Nikamwambia akilete.

Amekileta. Nimekishona kwa uzi wa gunia, ule mshono wa kurudi nyuma ulionifundisha tukishona mkoba wangu wa shule, mimi nimekaa mapajani kwako na wewe unanishika kidole ili sindano isinichome. Nimemwuliza Mwajuma kama wewe uliwahi kumfundisha kushona. Amesema hapana.

Nimefurahi sana, Baba. Ni aibu, lakini nimefurahi.

Nakuahidi nitasoma. Nakuahidi mashine ya Mtinko itawaka, na Mama atateka maji karibu na mlango. Na ikitokea siku nikakaa mezani kuamua habari za watoto wa watu, na wangu akaitwa mbele na akakosa mtu, nakuahidi nitashuka, wanaotaka kunung'unika wanung'unike. Kumchukia Mwajuma nitajitahidi kuacha. Hilo siliahidi, nasema nitajitahidi.

Pumzika sasa, Baba, nimekuchosha. Kesho Mwajuma anakuja kufuata kiti, na nitampa bila maneno, maana anakihitaji kwa kazi. Barua hii niliianza nikiwa juu ya sanduku. Naimalizia nikiwa nimekalia kiti chako, nimeegemea, na mshono haujaachia.

Kwa heri, Baba.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Felista